Simu ya Saa Saba na Dakika Tano

Wasifu wa marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Opereta. Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake.

Marehemu dada yangu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Novemba 1943, saa mbili na robo asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mfuaji nguo. Najua waliomfahamu mama yetu wanajiuliza hiyo saa mbili na robo nimeitoa wapi, kwa sababu yeye siku zote alisema tu, "Ilikuwa asubuhi asubuhi hivi, baba yenu hajanywa chai." Nimeitoa kwenye faili la Serikali. Kuna mtu alitumwa kuitafuta kwenye daftari la mkunga, akaipata, akaiandika kwa kalamu nyeusi. Tarehe karibu zote mtakazosikia leo zimetoka humo.

Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye. Saa yangu haijulikani. Nimepekua masanduku yote matatu ya faili hilo, na nimetajwa humo mara nyingi kuliko nilivyotaka, lakini hakuna aliyejisumbua kutafuta mimi nilizaliwa saa ngapi. Nikaona wivu. Dada yangu yuko mochwari, na mimi nimekaa mezani namwonea wivu wa saa ya kuzaliwa. Afadhali niseme mapema, maana wasifu huu ukisomwa na mtu anayejifanya malaika hautaeleweka.

Shemeji yangu, mume wa marehemu, ni mpiga chapa, na ndiye aliyechapa kijitabu hiki mlichoshika. Alinipa kurasa mbili. Nilimwambia sawa, shemeji. Mnaona wenyewe zilipofika.

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1951 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akamaliza akiwa wa kwanza kwa wasichana na wa pili shule nzima. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, na sitasema zaidi. Nilipoanza mimi, nilivaa sare zake, nikakalia dawati lake, na mwalimu wa hesabu hakuwahi kuniita kwa jina langu miaka yote. Aliniita Mdogo Wake. "Mdogo Wake, njoo ubaoni." Nikikosea, darasa zima lilinisikitikia kana kwamba nimemvunjia dada heshima. Siku moja nilichana daftari lake la insha kwa makusudi, nikamwambia mama ni panya. Dada alilishika, akaona panya huyo amechana kwa mstari ulionyooka, akanitazama. Kisha akamwambia mama, "Kweli, ni panya." Akalibandika kwa gundi ya baba. Bado liko kabatini kwake, nimelikuta wiki hii.

Baada ya sekondari na kozi ya simu ya miezi sita, aliajiriwa Jumatatu tarehe 3 Februari 1964 kuwa opereta wa simu katika hospitali kuu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina swichibodi ya laini arobaini, kiti kimoja, feni moja na daftari kubwa la simu. Kila simu iliyopita mikononi mwake ilibidi iandikwe: pembeni kushoto saa na dakika, halafu nani anamtafuta nani. Alivaa hedifoni saa tisa kwa siku. Mara nyingi hapakuwa na wa kumpokea wakati wa chakula, akashinda na njaa huku akisema kwa sauti ile ile tamu, "Hospitali, nikuunganishe na nani?" Watu walipiga simu kumsikia tu. Daktari mmoja mkubwa alisema sauti yake ni nusu ya dawa. Mimi nilifanya kazi duka la vitambaa, na hakuna aliyewahi kusema lolote kuhusu sauti yangu.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 27 Julai 1968. Hapa nina la kusema, na shemeji namwomba asiangalie chini. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuja dukani kununua kitambaa cha kujalidia vitabu, akaja tena baada ya siku mbili, akaja mara ya tatu wiki hiyo hiyo, na mpiga chapa hawezi kumaliza vitambaa kwa kasi hiyo. Mara ya nne nilikuwa nimevaa gauni langu zuri. Siku hiyo mvua ilinyesha, na dada akapita kuniletea mwavuli. Mengine mnayajua. Walijaliwa watoto wawili, binti na mwana, na nyumba yao ilikuwa na kicheko kilichosikika hadi barabarani. Nilikisikia mara nyingi nikiwa nje, kabla sijabisha hodi, na nilichukua muda kidogo kabla ya kubisha.

Sasa vijana mliokuja leo na mabango yenye picha yake, mnamjua kwa habari ya mlango. Wengine mmeusoma vitabuni tu, kwa hiyo naueleza. Hospitali ile ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa wenye kadi za mitaa ya juu. Sisi wa ng'ambo ya reli tulipitia nyuma, karibu na chumba cha kufulia mashuka, tukakaa kwenye benchi hadi wa mbele waishe. Dada aliyasikia yote kwenye waya. Mgonjwa akiletwa, wodi haikuuliza anaumwa nini. Iliuliza, "Ni wa mbele au wa nyuma?" Alivumilia miaka saba. Jumapili tarehe 19 Septemba 1971, watu kumi na mmoja walikutana katika chumba cha mashine cha shemeji, wakaanzisha chama walichokiita Mlango Mmoja, na wakamchagua yeye kuwa mwenyekiti. Mimi nilikuwa wa kumi na mmoja. Nilipewa rejista ya wanachama.

Baada ya hapo kila mtu akawa na dada. Niliingia kikaoni nikakuta wanawake wenye umri wa mama yangu wanamwita Dada, nikajiuliza mimi nitamwitaje sasa. Walimpenda, na hawakukosea. Alikumbuka majina ya watoto wao na magonjwa yao. Nilipanga viti, nilichemsha chai, niliandika majina hadi vidole vikafa ganzi, na mtu akitaka kunishukuru alisema, "Una bahati kuwa na dada kama yule." Nilitabasamu. Kwa ndani nilikuwa naungua.

Faili la Serikali linaanza tarehe 2 Mei 1973, siku waliyoanza kusikiliza simu ya nyumbani kwake, kwa kifaa kilichonasa hata sauti za chumbani. Hospitali ilikuwa imewawekea maopereta wake simu nyumbani ili waitwe kwa dharura, na Idara ya usalama ikaona imerahisishiwa kazi. Lakini opereta hadanganyiki kwa waya. Wiki ile ile alijua. Aliniambia laini inasikika kama chumba ambacho mtu ameacha mlango wazi. Tulidhani ataogopa, au ataacha kuitumia. Hakuacha. Alimhurumia huyo msikilizaji. Alisema, "Huyo ni mtu wa hedifoni kama mimi. Nani anampokea wakati wa chakula?" Kuanzia siku hiyo kila alipopiga au kupokea simu mchana, alianza kwa kusema, "Na wewe unayesikiliza, umekula?"

Wengi wenu mnaijua hadithi hiyo na huwa mnacheka. Sasa nimeiona kwa upande wa pili. Tarehe 9 Mei 1973, yule msikilizaji ameandika: "Mlengwa ameniuliza kama nimekula. Sikujibu." Tarehe 10 Mei: "Mlengwa ameuliza tena. Sikujibu." Tarehe 14 Mei: "Mlengwa ameuliza. Sikujibu. Sikuwa nimekula."

Mnacheka, na mimi nilicheka pale mezani hadi karani wa nyaraka akaja kunitazama. Halafu nikaacha kucheka. Mtu yule alikuwa naye kila siku, miaka kumi na miwili. Alijua dada aliimba nini akiosha vyombo, maana ameandika. Alijua alivyosema na mwanawe mwenye surua. Ameandika hata siku dada alipocheka peke yake chumbani bila sababu, na akaongeza, "Sababu haijulikani." Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja na sina hata nusu ya hayo.

Jambo lililofuata ndilo nililosimama hapa kulisema, na nawaomba mlisikie wa pande zote mbili. Naona hata leo mmekaa pande mbili. Waliobaki na dada mwaka ule wako kulia kwangu, walionifuata mimi wako kushoto, na njia katikati. Mmezeeka, mnasalimiana kwa adabu, lakini bado mnajua kiti cha nani kiko wapi.

Alhamisi tarehe 19 Agosti 1976, zikiwa zimebaki siku nne tuandamane wote kwenda kuingia kwa mlango wa mbele, nililetewa bahasha dukani. Ndani kulikuwa na kijikaratasi kilichosema, "Kutoka kwa anayekutakia mema," na barua kwa mwandiko wa dada, ile herufi ndogo iliyolala kulia. Ilikuwa imeandikwa kwa wajumbe wa kamati. Wakati huo nilikuwa nimeomba kiti katika kamati, na nilikuwa nangoja jibu. Barua ilisema nisipewe. Ilisema nina kijicho na mdomo wangu hauna breki.

Jumapili tarehe 22 Agosti, mkutano mkuu ulikaa katika ukumbi wa shule, watu zaidi ya mia nne. Nilisimama bila kuitwa nikaisoma. Sauti ilitoka, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza nilipenda jinsi watu walivyonyamaza kunisikiliza. Nilipomaliza, dada aliomba barua, akaiangalia mbele na nyuma.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Maneno si yangu."

Mzee mmoja muuza mkaa akapaza sauti, "Kwa hiyo mkono wako unatembea bila wewe?"

Ukumbi ukacheka. Dada hakucheka. Alinigeukia mimi, akaongea taratibu kana kwamba tuko jikoni kwa mama. "Mdogo wangu, kaa chini. Tutaongea nyumbani."

"Siku zote ni kaa chini," nikamwambia. "Leo sikai."

Nikatoka. Zaidi ya watu mia tatu wakatoka nyuma yangu, na rejista nilikuwa nayo mkononi. Tukaanzisha chama chetu jioni hiyo hiyo. Nikapata kiti nilichokitaka. Chama kilikufa baada ya miezi minne, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwenye maandamano.

Waliokwenda Jumatatu walikuwa themanini na watatu. Hao polisi waliwabeba kwenye magari kabla saa tatu haijafika. Dada alikaa ndani siku kumi na tisa, akafukuzwa kazi. Simu ya nyumbani haikukatwa. Shemeji alishangaa, lakini dada alimwambia, "Wakikata, watasikiliza nini?" Akawa anasoma makosa ya uchapaji katika mashine ya mume wake. Mlango wa mbele haukufunguliwa kwa wote hadi tarehe 1 Septemba 1981, miaka mitano baadaye, na alipigania hilo na wale wale themanini na watatu hadi mwisho. Katika miaka hiyo mitano wapo waliofia kwenye benchi la nyuma. Baadhi yenu mliokaa hapa ni watoto wao.

Sasa nasema yaliyomo katika sanduku la pili. Kuna picha za kurasa za daftari la simu la hospitali, zenye mwandiko wa marehemu, kurasa sitini. Hospitali ilizitoa. Kuna rasimu tatu za barua ile, za mkono wa mtu anayejifunza kuiga, kila moja bora kuliko iliyotangulia. Barua haikuandikwa na dada yangu. Iliandikwa na Idara. Mliokaa kushoto, mlitoka ukumbini kwa barua ya kughushi, na mimi ndiye niliyewasomea.

Na ningeweza kujua. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Yule mwigaji aliujua mwandiko wa dada kwa daftari la simu tu, na katika daftari saa huandikwa pembeni. Basi na yeye akaweka saa pembeni. Saa 4:10, naomba mdogo wangu asipewe kiti. Saa 4:15, ana kijicho. Saa 4:20, mdomo wake hauna breki. Ni nani anaandika barua ya kumsema ndugu yake huku anatia saa kila mstari? Niliziona saa zile. Nasema mbele yenu wote na mbele ya jeneza lake, niliziona, nikazifunika kwa kidole gumba nilipokuwa nasoma.

Kulikuwa na sentensi moja zaidi, ambayo siku ile niliiruka. Naisoma leo. "Saa 4:25. Amekuwa akitaka kila nilicho nacho, kuanzia gauni hadi mume, na hujisifu kwamba yeye ndiye aliyemwona kwanza." Ndiyo iliyonimaliza. Siri hiyo nilimwambia mtu mmoja tu duniani, dada yangu, kwa simu, mwezi wa sita mwaka ule ule. Nani mwingine angeijua? Nilisahau kabisa kwamba tulikuwa watatu.

Mazungumzo hayo yamo. Ijumaa, tarehe 11 Juni 1976. Nilimpigia kutoka dukani, na kama kawaida akaanza na yule: "Na wewe unayesikiliza, umekula?" Nikamwambia, "Dada, huyo asiyekujua unamuuliza kila siku. Mimi umeniuliza lini?" Akacheka. Akasema, "Wewe una mdomo, ukiwa na njaa utasema." Nikacheka na mimi, tukataniana, na katika utani huo ndipo nikamtajia habari za shemeji na kile kitambaa cha kujalidia. Kilikuwa kicheko kizuri. Chini ya maneno hayo msikilizaji ameandika mstari mmoja: "Mdogo wa mlengwa ana wivu." Na chini yake, kwa wino wa kijani na mwandiko wa mtu mwingine, mkubwa wake bila shaka, kuna neno moja: "Itumike."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Karani aliniletea maji.

Baada ya mkutano ule sikuongea na dada yangu miaka minane na nusu. Lakini nilimpigia simu. Hili hajawahi kulijua mtu. Kila Jumamosi tajiri wangu alipokwenda kula, saa saba na dakika tano, nilizungusha namba yake. Akipokea nilinyamaza. Sikujua la kusema, nilitaka tu kusikia yuko. Naye aliposikia kimya aliuliza swali lile lile, "Umekula?" akangoja. Mimi nikakata simu kwa hasira. Niliamini anaongea na yule wake. Hata kimya changu mwenyewe amekigawa kwa mtu wa Idara, nikasema, na wivu ukanipanda upya, na Jumamosi iliyofuata nikapiga tena.

Tulipatana Jumanne tarehe 5 Machi 1985. Aliingia dukani kama mteja, akasema, "Nipimie mita tatu za bitana, na upime vizuri, nakujua." Nikapima. Nikamwongezea robo mita. Akasema, "Funga duka twende tukale." Tukaenda. Hatukuwahi kuizungumzia barua. Mimi niliona haya, na yeye alikuwa na tabia ile ya panya na daftari. Simu za kimya zikaisha. Hospitali ilikuwa imemrudisha kazini tangu 1982, na alistaafu mwaka 1998 kwa sherehe ambayo keki yake ilikatiwa kwenye mlango wa mbele.

Sheria ilipofungua mafaili mwaka 2009, alipewa fomu ya kuomba lake. Hakuijaza. Aliwaambia, "Maisha yangu nilikuwepo." Nilimwona ana majivuno. Sasa nadhani alijua kilichomo, na alijua ni nani kingemuumiza.

Marehemu alianza kuugua figo Machi 2016. Mara mbili kwa wiki tulikwenda kusafishwa damu katika hospitali ile ile, na kila mara alisimama kizingitini pa mlango wa mbele, akapumzika kidogo, akasema, "Tunaingilia huku." Julai mwaka huu, akiwa kitandani na mashine inazunguka, aliniambia, "Wasifu wangu utauandika wewe." Nikamwambia aache maneno hayo, na kwamba binti yake ni mwalimu, anaandika vizuri. Akasema, "Wewe. Tarehe utazipata kwa yule." Akaomba kalamu, akatia sahihi fomu aliyoikataa miaka minane. Mimi nikaiweka kwenye pochi, nikajiambia nitakwenda wiki ijayo.

Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 2017, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodi namba sita, kitanda cha dirishani, ukiwa umebaki mwezi mmoja na siku nne atimize miaka sabini na minne. Mimi nilikuwa nimeshuka kumnunulia maji. Aliyekuwepo ni muuguzi wa zamu, ambaye namshukuru, na ambaye namwonea wivu hadi leo.

Nilikwenda kwenye nyaraka Jumatatu, siku nne baada ya kifo. Nilikwenda kutafuta tarehe tu. Na jana yake nilikuwa sijui lolote kati ya haya niliyowasomea.

Jina la msikilizaji limefutwa kwa wino mweusi kila ukurasa. Sijui kama yu hai. Kama yumo humu ndani leo, namwomba asije kunipa mkono. Sijafika huko. Lakini sanduku la tatu lina ukurasa wake wa Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1976, na nausoma kama ulivyo.

"Saa 7:05 mchana. Simu imeingia, haina sauti. Mlengwa ameuliza: Umekula? Amengoja dakika nne. Mpigaji amekata. Mlengwa hakuweka mkono wa simu chini. Ameniambia mimi: Huyo ni mdogo wangu, namjua anavyopumua. Usimwandike."

Jumamosi iliyofuata ameandika saa 7:05, halafu mstari mtupu. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Nimefungua kurasa hadi Machi 1985, mistari mitupu zaidi ya mia nne, saa saba na dakika tano na hakuna kitu mbele yake. Nimewahi kuona wivu wa kila aina, lakini wa pale mezani sikuwahi. Dada alimwomba mtu baki, mtu aliyelipwa kumdhuru, jambo moja tu, naye akalitii miaka minane. Mimi aliniomba nikae chini.

Kwa hiyo naomba kwenu ninyi wa kushoto, mkitoka hapa msirudi kwenye upande wenu. Kaburi lina nafasi ya kuzungukwa na watu wote. Na wa kulia, mkiwaona wanakuja, msogee.

Marehemu ameacha mume mpiga chapa, binti mwalimu, mwana fundi umeme, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja wa kike. Huyo wa mwisho, marehemu mwenyewe aliomba asiandikwe. Leo nimemwandika, na shemeji amemchapa.

Dada, ulikuwa unaniuliza mimi. Jibu limechelewa, lakini ndilo hili: bado, dada, nilikuwa nakusubiri wewe. Lala sasa, upumzike. Simu nitaipokea mimi.